KABLA YA KUNUNUA BETRI NYINGINE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na fundi wa karakana ya Chama Kikuu mbele ya makatibu, wajumbe wa kamati na madereva wa vyama vya msingi, katika semina ya matayarisho ya msimu wa korosho. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ili vyama ambavyo havikupata nafasi ya kuleta wajumbe navyo vifaidike. — Mhariri)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya matengenezo ya nyaya za mfumo wa chaji katika magari na matrekta ya vyama vyetu. Huenda baadhi yenu mlipoisoma ratiba mlijisemea kwamba hili ni jambo la mafundi na madereva, na kwamba makatibu wangeweza kutoka nje wakapunga upepo. Nawaomba mketi. Kosa nitakalolieleza halikutendeka chini ya boneti peke yake. Liliandikwa kwenye karatasi, likatiwa saini, likapitishwa na kikao. Na mmoja wa waliotia saini ni mimi ninayesema nanyi.

Nitaanza na kisa, kisha nitaeleza sababu, kisha tutaingia katika kazi yenyewe ya kupima na kutengeneza. Kazi hiyo haihitaji karakana kubwa. Inaweza kufanyika uani kwa chama, chini ya mwembe, kwa vyombo ambavyo bei yake yote haifiki bei ya betri moja.

Betri tatu katika miezi 14

Chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, kina lori dogo la tani tatu. Wakati wa msimu lori hilo hukusanya korosho kutoka vijijini na kuzipeleka ghalani. Miezi isiyo ya korosho hukodishwa kubeba chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Fedha za kukodisha si haba, na sina neno nazo. Lakini chumvi hiyo ikumbukeni, kwa kuwa tutarudi kwake.

Betri ya lori ilianza kulegea asubuhi. Dereva na utingo wakawa wanasukuma. Chama kikanunua betri mpya. Baada ya miezi michache, betri mpya nayo ikawa haiwezi kuzungusha stata. Lori likapelekwa kwenye karakana moja mjini, ambako walishauri alteneta ibadilishwe, nayo ikabadilishwa. Betri ya pili ikanunuliwa. Nayo ikafa. Ikanunuliwa ya tatu. Na katikati ya msimu, magunia yakiwa yamepangwa barazani na wingu likiwa limetanda, lori likakataa kuwaka. Mvua ikanyesha. Kila mkulima hapa anajua korosho iliyonyeshewa huwekwa daraja gani.

Ndipo nilipoitwa mimi. Nilifika, nikawasha injini kwa msaada wa betri ya trekta, nikaweka mita kwenye alteneta, nikasoma volti 14.3. Kipimo hicho ni kizuri. Nikaandika: "Mfumo wa chaji hauna kasoro." Nikatia saini, nikarudi zangu.

Kamati ilikaa na karatasi yangu mezani. Ikaona kwamba ikiwa mfumo ni mzima, na betri mpya zinakufa moja baada ya nyingine, basi lipo jambo moja tu: betri mpya zinauzwa na kuukuu zinawekwa mahali pake. Na ni nani anayelala na ufunguo wa lori? Dereva. Akasimamishwa kazi, ikaamuliwa alipe nusu ya bei ya betri ya tatu kutoka katika mshahara wake.

Dereva yule hakugombana na mtu. Alinijia karakana akiwa na daftari dogo. Ndani yake alikuwa ameandika namba iliyopigwa muhuri kwenye kila betri, pamoja na tarehe aliyokabidhiwa. Namba ya betri iliyokufa ilikuwa ni ile ile iliyonunuliwa na chama. Akaniambia, "Fundi, karatasi yako ndiyo iliyonifunga. Ulipima pale umeme unapotoka. Je, ulipima pale unapofika?"

Ndugu zangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, na sikuwa na jibu.

Siku ya pili tulikwenda pamoja. Niliomba kamati isimame karibu na lori ione kwa macho yake. Injini ikawashwa, taa kubwa zikawashwa. Kwenye alteneta: volti 14.3, kama mwanzo. Kwenye nguzo za betri: volti 12.8. Volti moja na nusu ilikuwa imepotea njiani. Tukaifuata hatua kwa hatua. Volti 1.1 ilikuwa inapotelea katika waya mnene utokao kwenye alteneta kwenda chanya, na 0.4 katika mkanda wa kurudishia umeme kutoka kwenye injini. Nikazima injini, nikafungua betri, nikaupasua waya ule kwa kisu. Kwa nje ganda lake lilikuwa linang'aa. Kwa ndani, mahali pa shaba palikuwa na unga mweusi na ukoko wa kijani, na nyuzi chache tu zilizobaki nzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tumetazama kila mahali isipokuwa ndani ya nguo.

Kwa nini kutu ya waya huua betri

Yafaa tuelewe sababu, maana asiyeelewa sababu atarudia kosa.

Betri ya volti 12 haijazwi na umeme wa volti 12. Ili umeme uingie ndani yake hapana budi usukumwe kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ile ya betri yenyewe, kama vile maji hayapandi tangini mpaka msukumo wa bomba ushinde urefu wa tangi. Kwa hiyo alteneta hutengenezwa ili itoe kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Kwa magari ya volti 24, zidisheni mara mbili: 27.6 hadi 28.8.

Ndani ya alteneta kimo kidhibiti ambacho hutazama volti na kuzizuia zisipite kiasi. Katika magari mengi kidhibiti hicho hutazama pale pale kwenye alteneta. Kikiona 14.3 huridhika, hakijui kwamba betri, iliyo mwisho wa waya ulioliwa, inapata 12.8. Ni kama karani wa ghala anayeandika uzito wa magunia yaliyotoka, bila kuuliza ni magunia mangapi yaliyofika.

Betri inayopata 12.8 haifi siku hiyo. Hukaa nusu tupu, siku baada ya siku. Betri ya risasi na asidi ikikaa hivyo, mabamba yake huota salfeti ya risasi, ambayo mwanzoni ni laini na huondoka kwa chaji, lakini baadaye huwa ngumu kama jiwe wala haiondoki tena. Hapo betri imekufa kweli, na mtu akiipima ataona ni mbovu kweli. Ndiyo maana kosa hili hudanganya: betri mbovu ni matokeo, nasi tunaichukua kuwa ndiyo chanzo.

Tena iko taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Madereva wengi huamini kwamba taa ikizimika, chaji inaingia. Si hivyo. Taa ikizimika hutuambia kwamba alteneta imeanza kuzalisha. Haituambii kitu juu ya barabara iliyoko kati ya alteneta na betri. Lori letu taa yake ilizimika vizuri kila asubuhi kwa miezi 14.

Na umeme uliopotea unakwenda wapi? Unageuka joto. Katika waya ule zilikuwa zinapita ampea 25 hivi. Zidisheni kwa volti 1.1 mtapata zaidi ya wati 27. Balbu ya indiketa ina wati 21. Maana yake ni kwamba ndani ya waya ule ilikuwa kana kwamba imefichwa balbu ya indiketa, inawaka mchana kutwa bila mtu kuiona. Joto hilo huharakisha kutu, kutu huongeza joto, na mwisho wake unaweza kuwa moto.

Sasa turudi kwenye chumvi. Waya wa gari ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ncha yake ikiachwa wazi, unyevu huingia kati ya nyuzi na kupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Unyevu mtupu ni mbaya. Unyevu wenye chumvi ni mbaya zaidi, kwa maana hupitisha umeme, na pale shaba inapogusana na chuma au bati, chumvi hufanya betri ndogo inayoila madini usiku na mchana, gari likiwa limelala. Magari ya bara yana adui wake pia: mvuke wa asidi kutoka kwenye betri yenyewe, na maji ya kuoshea injini yanayopigwa kwa nguvu mpaka ndani ya viungo.

Vyombo vinavyotakiwa

Chama kiwe na mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei nafuu, spana za kawaida, kisu, brashi ya waya, msasa, koleo la kukatia na koleo la kubania vichwa vya waya, utepe wa umeme au mpira unaosinyaa kwa moto, na grisi kidogo. Ongezeni magadi ya jikoni, haya haya ya kulainishia maharage. Magadi huvunja nguvu ya asidi. Mkiyayeyusha katika maji na kupaka juu ya ukoko mweupe wa betri, mtayaona yanatoa povu. Povu likikoma, asidi imekwisha. Lakini angalieni mambo mawili. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa barabara, ili magadi yasiingie ndani, kwa kuwa huko yataharibu asidi inayotakiwa. Na msiyachanganye na ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na macho.

Jinsi ya kupima

Kwanza tazameni kwa macho, injini ikiwa imezimwa. Mkanda wa feni usiwe umelegea: ukiusukuma kwa dole gumba katikati ya urefu wake, uingie kiasi cha sentimita moja hivi. Ukilegea, yote nitakayosema hayana maana mpaka ukazwe. Kisha pindeni kila waya taratibu kwa vidole. Waya mzima huwa laini. Waya uliovimba, au uliokakamaa, au unaotoa sauti ya kukwaruza ndani, mshukuni huo.

Pili, pimeni betri iliyopumzika usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, imekwisha. Ichajini kwanza kabla ya kupima mambo mengine.

Tatu, fungueni ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya chaji lazima iwake. Isipowaka, tazameni balbu yake na ule waya mwembamba unaokwenda kwenye alteneta. Katika magari mengi alteneta huamshwa kupitia taa hiyo. Balbu ikiungua au waya ukiliwa, alteneta nzima kabisa inaweza isizalishe kitu, na watu wakainunulia mrithi.

Nne, na hiki ndicho kipimo nilichokiacha mimi: washeni injini, ikae katika mwendo wa kati, washeni na taa kubwa ili umeme mwingi upite. Bila mzigo, waya mbovu unaweza kuonekana mzima. Hii ndiyo sababu taa ndogo ya kupimia hudanganya: uzi mmoja wa shaba unatosha kuiwasha, lakini uzi mmoja hautoshi kuchaji betri. Wekeni mita kwenye volti za betri. Ncha nyekundu ya mita ishikeni kwenye bolti ya alteneta inapotoka waya mnene, na ncha nyeusi kwenye nguzo ya chanya ya betri; nguzo yenyewe, si kibanio kilichoishika. Hapa hatupimi nguvu ya betri. Tunapima kinachopotea njiani. Mita ikisoma 0.3 au chini yake, barabara ni nzuri. Ikipita 0.5, pana ubovu.

Kisha fanyeni vivyo hivyo upande wa kurudi: ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye nguzo ya hasi. Hapo pasizidi 0.2. Upande huu husahauliwa sana. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Hivyo umeme wote wa kurudi hutegemea mkanda mmoja wa shaba, ambao mafundi huuita eathi, uliofungwa kwenye chesisi chini kabisa, mahali pa matope na chumvi. Mkanda huo ukiliwa, umeme hutafuta njia nyingine, pengine kupitia kebo ya mafuta au ya klachi, hadi kebo ikaungua. Dereva akiona kebo inapata moto bila sababu, asiilaumu kebo.

Mkigundua upande wenye ubovu, acheni ncha moja ya mita kwenye betri, na nyingine ihamisheni kiungo kwa kiungo. Pale namba inapopanda ghafula, hapo ndipo pameoza. Wakati wote huo tahadharini na feni na mkanda. Mikono ya shati ifungwe, na mtoto asikaribie.

Asiye na mita asikate tamaa. Achukue kebo nene ya kuazimia umeme, ashikize ncha moja kwenye chuma kisafi cha injini na nyingine kwenye nguzo ya hasi, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Taa zikiongezeka mwanga, eathi ni mbovu. Lakini nasisitiza kwamba chama chenye gari kisichokuwa na mita ni sawa na chama chenye ghala kisichokuwa na mizani.

Jinsi ya kutengeneza

Zimeni injini, toeni ufunguo. Msifungue betri kamwe injini ikiwa inaunguruma ili "kujaribu" alteneta, kama tulivyofundishwa na wazee wa dinamo. Dinamo za zamani zilivumilia mchezo huo. Alteneta ina diodi ndani yake, na volti huruka ghafula na kuziunguza. Fungueni nguzo ya hasi kwanza. Sababu ni nyepesi: mkianza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka, na juu ya betri pana gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka. Sigara iwe mbali.

Kabla ya kulegeza waya wowote, chukueni karatasi mchore kila waya unapokaa, au mfunge vitambaa vya rangi. Kisha kateni ncha mbovu, mkimenya ganda kidogo kidogo mpaka mkute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haikubali kiungo kipya. Hata ukiisugua, kutu imo kati ya nyuzi. Mkikata kiasi cha futi moja na bado ni nyeusi, msihangaike. Toeni waya mzima, wekeni mpya.

Waya mpya uwe na unene ule ule au zaidi, na uwe wa nyuzi nyingi. Msitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Nyumba haitikisiki, injini inatikisika, na waya ule utakatika ndani bila kuonekana. Lori letu nililiwekea waya wa milimita 16 za mraba, mita moja na nusu. Waya huo, vichwa viwili vya shaba na mkanda mpya wa eathi, vyote pamoja havikufika robo ya bei ya betri moja.

Ivisheni waya ule mpira wa kusinyaa kabla ya kuweka kichwa. Kila fundi, mimi nikiwamo, ameshawahi kusahau na kuanza upya. Kichwa kibanwe kwa koleo lake, kisha kivutwe kwa nguvu ya mkono. Kikichomoka, afadhali kimechomoka hapo kuliko njiani. Asiye na koleo la kubania anaweza kulehemu kwa risasi, akitumia dawa ya utomvu wala si ya asidi, kwa sababu asidi itabaki ndani na kuendelea kula. Waya uliolehemiwa hukakamaa karibu na kichwa, na hapo ndipo unapokatika kwa kutikisika. Ufungwe basi kwenye kitu imara karibu na kiungo. Kusokota waya kwa mkono na kuuzungushia utepe si kutengeneza. Ni kuahirisha.

Mahali pa kufungia pasuguliwe mpaka chuma king'ae. Chini ya mkanda wa eathi rangi yote iondolewe, maana rangi ni ganda kama ganda jingine. Wekeni washa yenye meno, kazeni, kisha ndipo mpake grisi juu yake ili unyevu usiingie. Pitisheni waya mbali na bomba la moshi, mkiuacha na ulegevu kidogo wa kufuata mtikiso wa injini, na mahali unapogusa ukingo wa chuma uvalisheni mpira. Fyuzi ikiwapo, irudishwe ya kiasi kile kile. Msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto kwenye gari la wanachama.

Mkimaliza, rudisheni chanya kwanza na hasi mwisho. Angalieni mara mbili msije mkazibadilisha, kwa kuwa kosa hilo huua diodi mara moja. Washeni injini na mpime tena kama mwanzo. Kazi ambayo haikupimwa haijakwisha. Katika lori letu, upotevu wa 1.5 ulishuka ukawa 0.2, na betri ikasoma volti 14.1.

Yapo mambo ya kumwachia fundi: ndani ya alteneta kwenyewe; shada la nyaya lililoungua na kugandana; betri iliyovimba au inayochemka; na gari ambalo mita yake inasoma zaidi ya volti 15. Katika magari ambayo kidhibiti hutazama volti kwa waya wa pembeni, waya huo ukiliwa na kutu kidhibiti hudhani betri ina njaa, kikailisha mpaka ikachemka. Kutu ile ile, kumbe inaweza kuua kwa njaa na kuua kwa shibe.

Maombi yangu kwa vyama

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi manne.

La kwanza, kila chama chenye gari au trekta kinunue mita, na dereva pamoja na mjumbe mmoja wa kamati wajifunze kuitumia. Karakana yetu iko tayari kuwafundisha.

La pili, kila gari liwe na daftari. Iandikwe namba ya betri, tarehe ya kununuliwa, na vipimo vitatu kila mwezi: volti kwenye alteneta, volti kwenye betri, na tofauti yake. Lori linalobeba chumvi liandikiwe kila wiki, na sehemu ya chini ya injini na chesisi ioshwe kwa maji baridi kila baada ya safari, kwa kumwagia taratibu, wala si kwa kupiga maji ndani ya viungo.

La tatu, mhasibu asilipe hati ya betri wala ya alteneta isiyoambatana na vipimo hivyo. Na fundi yeyote atakayeandika "hauna kasoro" bila namba, hata nikiwa mimi, arudishiwe karatasi yake.

La nne ndilo zito. Asishutumiwe mtu kwa kifaa kilichokufa kabla kifaa chenyewe hakijapimwa mbele yake. Nilisema kwamba tulipima mbele ya kamati. Baada ya kipimo kile kamati ilikaa siku hiyo hiyo, ikafuta uamuzi wake, ikaomba radhi kwa maandishi, na kumrudishia dereva fedha zake zote. Nami niliandika barua ya kukiri kosa langu, ikawekwa katika jalada pamoja na ile karatasi ya kwanza. Hayo yalikuwa ya haki. Lakini dereva hakurudi kazini. Alisema, kwa upole, kwamba kwa majuma sita watoto wake walikuwa wakiitwa watoto wa mwizi njiani waendako shule, na kwamba ameshapata kazi mahali pengine. Chama kilimpoteza dereva aliyekuwa akiandika namba za betri katika daftari lake mwenyewe bila kuagizwa na mtu. Mtu wa namna hiyo haununui dukani.

Daftari ninalowaomba mlianzishe si wazo langu. Ni lake.

Sasa, kwa idhini ya Mwenyekiti, twendeni nje. Pale uani yapo magari manne ya vyama vyenu, na mita ninayo mfukoni.